Sivuti, Nabwia: Mazungumzo ya Tumbaku, Ini na Figo pale Deep Sea

(Maneno haya niliyasema Jumamosi asubuhi chini ya mkungu, karibu na soko la samaki la Deep Sea, Tanga. Nimeyaandika kama yalivyotoka, isipokuwa pale mnada wa samaki ulipotuzidi sauti.)

Assalaam aleykum. Na wenzangu wa kanisani, Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Nashukuru kwa mkeka na kwa kahawa, ingawa kashata mmenipa mbili na umri huu kashata moja inatosha.

Nimeitwa hapa na mama zetu wakaanga samaki. Aliyenipigia simu alisema, "Mwanangu, njoo utuzungumzie figo, maana huku watu wanavimba miguu halafu wanakatika." Akanitajia watu watatu. Sitawataja, ninyi mnawajua, na watoto wao nawaona wamekaa papa hapa.

Mie si daktari, niseme mapema ili mtu asije kunidai dawa. Mie ni mtu wa maabara. Daktari huziona sura zenu, mie huona vikopo vyenu. Na kikopo hakina aibu, hakina cheo, hakina ahadi ya "nitaacha mwezi ujao".

Zamani kidogo, kwenye maabara moja ambayo sitaitaja, alikuja bwana mmoja mvuvi, miaka 45 hivi. Fomu yake imejazwa vizuri: jina, umri, presha 170 kwa 110. Chini kuna swali lililochapwa: "Je, unavuta sigara?" Pamewekwa alama kwenye "Hapana". Nikampa kikopo, akaenda, akarudi. Nikatumbukiza kijiti.

Hiki hapa, nimekuja nacho, mpitishiane. Mnaona vibaka vya rangi? Hiki ni cha protini. Mkojo ukiwa hauna neno, kinabaki njano. Protini ikiwa inavuja kutoka kwenye figo, kinageuka kijani, na kadiri inavyozidi ndivyo kijani kinavyoelekea rangi ya maji ya kule nje mkiwa mmeshauacha mwambao. Kibaka cha yule bwana hakikusubiri hata dakika. Kilifika rangi ya mwisho ile iliyoko kwenye chupa, plasi tatu.

Nikainua macho nimtazame. Ndipo nikaona mdomo wake wa chini umetuna upande mmoja kama aliyeumwa na nyuki. Nikamwuliza, "Kaka, una nini hapo?" Akageuka pembeni, akatema kwenye leso, akacheka. "Dada, ni ugoro tu."

Nikamwambia, mbona fomu inasema hutumii tumbaku?

Akanijibu, "Haikuuliza natumia. Imeuliza navuta. Mie sivuti, nabwia."

Na alikuwa na haki. Kiswahili chetu kimegawa mambo haya kwa uangalifu. Sigara huvutwa. Ugoro wa puani hunuswa. Ugoro wa mdomoni hubwiwa. Tambuu huliwa. Vitenzi vinne, jani ni lile lile. Aliyetunga fomu ile alishika kitenzi kimoja akadhani kazi imekwisha. Nami nilikuwa nimeipokea fomu hiyo kila siku kwa miaka 11 bila kuishtukia, kwa hiyo lawama sitamtupia yeye peke yake. Hebu fikirini ni wangapi walipita mbele yangu na ugoro mdomoni, na presha juu, na kwenye karatasi wakaandikwa watu wasiogusa tumbaku.

Ndicho kilichonileta leo.

Niseme kwanza kwamba siji hapa kumdharau mtu. Bibi yangu mzaa mama, Mdigo wa Mwambani, alikuwa mla tambuu wa kweli. Alikuwa na kijaluba cha shaba, kimelainika pembeni kwa kushikwa. Ukikifungua harufu inakuja kwanza: iliki, chokaa, na kitu kama jani lililolowa mvua. Jani la mtambuu analifuta kwa kanga, analilaza kiganjani, analipaka chokaa kwa ncha ya kidole cha shahada. Halafu popoo, ile kokwa ngumu, iliyokatwa nyembamba, halafu katu, halafu tumbaku kidogo, kidogo sana akisema mwenyewe, "kama chumvi". Analikunja pembe tatu, analituliza shavuni. Basi hapo usimuulize kitu kwa dakika kumi. Mgeni wa heshima alipokuja kijaluba ndicho kilichotangulia kabla ya chai, na posa isiyo na tambuu ilikuwa haijaanza.

Mchanganyiko ule, wazee hapa mtanisahihisha nikikosea, uliitwa uraibu. (Mzee mmoja: "Ndivyo.") Uraibu ulikuwa ni vile vitu vya kutafuna. Leo kijana wa Makorora ukimwambia uraibu anafikiria heroini. Neno limetoka kwenye kijaluba cha bibi likafika huko, na halikupotea njia.

Sasa tuje kwenye ugoro wenyewe. Mama zangu, maharage yakigoma kuiva mnatia nini? (Wakajibu: "Magadi!") Na mtengeneza ugoro anatia nini? (Kicheko. "Magadi!")

Naam. Mnadhani anatia kwa ladha. Nikotini ndani ya jani la tumbaku imefungwa. Ni kama mtu aliyevaa koti la mvua, ngozi laini ya ufizi haimpitishi. Magadi yanamvua koti. Yanaifanya ile nikotini iwe huru, ipenye ufizini moja kwa moja hadi kwenye damu. Chokaa ya kwenye tambuu inafanya kazi hiyo hiyo. Babu zetu hawakuwa na maabara lakini waligundua kwamba bila chokaa haishiki, na bila magadi haina nguvu. Kwa kemia walikuwa mafundi.

Lakini magadi yana jambo la pili. Ndani yake mna sodiamu, ile ile iliyo kwenye chumvi ya mezani. Nimekutana na wazee wenye presha ambao daktari amewakataza chumvi, na wake zao wamehangaika, mchuzi wa samaki unapikwa kama maji. Halafu mzee anatoka barazani, anafungua kipande cha nailoni, anaweka magadi chini ya mdomo mara 10 kwa siku.

Kwa taarifa yenu, mifuko ya plastiki serikali iliipiga marufuku Juni 2019. Sokoni Mgandini utanunua nyanya kwa mfuko wa kitambaa kama mtu wa heshima. Ila kile kifundo cha nailoni cha ugoro bado kipo tu, wala hakina maandishi yanayosema ndani mna nini.

Tufuate njia yake mwilini. Ukivuta sigara, nikotini inapanda haraka na kushuka haraka. Ukibwia, inapanda polepole, nusu saa hivi, halafu inakaa. Ndiyo maana mvuvi anaupenda, unampeleka hadi alfajiri bila njaa wala usingizi. Lakini jumla ya nikotini inayoingia kwa siku haipungui ile ya mvuta sigara, na kwa wengine inazidi.

Ini liko hapa, kulia, chini ya mbavu. Lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Mate yenye ugoro unayoyameza, na usiniambie unatema yote, yanaingia tumboni, na damu yote ya utumbo hupita kwenye ini kwanza. Ni kama mzigo wa meli hapo bandarini kwetu, hautoki bila kupita forodhani. Sasa ile nikotini iliyopenya ufizini imepita njia ya panya. Inazunguka kwenye moyo na ubongo kwanza, ndipo ini linaikamata baadaye.

Likishaikamata, ini linageuza sehemu kubwa yake, karibu robo tatu, kuwa kitu kinachoitwa kotinini. Nusu ya nikotini huisha damuni kwa saa mbili hivi. Kotinini ni mvivu, nusu yake huchukua kama saa 16 kuondoka, na inatokea kwenye mkojo. Kwa hiyo ukibwia leo, hata keshokutwa mkojo wako bado unasema. Na hausemi ulivuta au ulibwia. Mkojo haujui vitenzi.

Ingekuwa nikotini tu, ningekunywa kahawa yangu nikaondoka mapema. Kuna kundi la kemikali linaitwa nitrosamini. Huzaliwa jani la tumbaku linapokaushwa, kuvundikwa na kuwekwa muda mrefu. Hizi ndizo baba wa saratani katika tumbaku isiyo na moshi. Zikifika kwenye ini, vimeng'enya vya ini vinaanza kuzivunja ili zitoke. Na hapo ndipo penye balaa. Katika kuzivunja, baadhi yake zinakuwa kali kuliko zilivyoingia, zinapata uwezo wa kung'ang'ania vinasaba vya seli. Ofisa wa forodha anafungua sanduku kwa nia njema na mlipuko uko ndani.

Kiasi cha nitrosamini hakilingani kwa kila tumbaku. Wasweden wana yao ya kubandika chini ya mdomo wa juu, inapitishwa kwenye joto kiwandani na kiasi chake kimepunguzwa. Wasudani wana yao wanaiita toombak, tumbaku iliyovundikwa na kuchanganywa na magadi, na ile imepimwa ikakutwa na viwango vya juu kabisa duniani. Sasa mtu akiwaambia "hata Ulaya wanatumia", mwulizeni ugoro wa Tanga kwa utengenezaji unafanana na upi.

(Hapa palitokea sauti nyuma: "Kwa hiyo ugoro unaleta saratani ya ini?")

Nilikuwa nakuja huko, kaka. Hapa nataka mnisikilize vizuri kwa sababu watu wa afya tuna tabia ya kutia chumvi, na chumvi nimeshasema si nzuri.

Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lile la kule Lyon, Ufaransa, lilichapisha uamuzi wake: tumbaku isiyo na moshi inasababisha saratani kwa binadamu. Likataja saratani ya kinywa na ya kongosho, na mwaka 2012 likaongeza ya umio. Ini halimo katika orodha hiyo. Figo hazimo. Kwa hiyo mtu akisimama mbele yenu akasema ugoro umethibitishwa kuleta saratani ya ini, anakwenda mbele ya ushahidi.

Ushahidi uliopo wa ini ni wa namna nyingine. Panya waliopewa tumbaku ya namna hii ini lao limeonekana kuharibika seli, na vimeng'enya ambavyo kawaida hukaa ndani ya seli vimevuja hadi damuni. Huko Bara Hindi wapo watafunaji waliopimwa damu, vikakutwa vimeng'enya hivyo viko juu kuliko kwa majirani zao wasiotafuna. Na popoo, hii nawaambia ninyi wa tambuu: Taiwan watu wengi hula popoo bila tumbaku kabisa, na huko popoo imehusishwa na ini kusinyaa, na saratani ya ini, na ugonjwa sugu wa figo kwa wanaume. Kwa hiyo bibi anayesema "mie tumbaku nimeacha, nimebaki na popoo", namheshimu lakini sijamaliza naye.

Halafu ini la mtu wa hapa lina mashtaka mengine tayari. Kuna homa ya ini aina ya B, ambayo wengi wanayo na hawajui. Kuna pombe, na gongo msiniambie haipo. Kuna sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo. Ugoro unalikuta ini hilo hilo na kuliongezea kazi usiku na mchana. Mtu akiniambia ugoro ndio uliommaliza fulani, swali langu la kwanza ni: alipimwa homa ya ini? Mara nyingi hakupimwa.

Figo ni habari nyingine, na hapo mie roho inanisimama zaidi.

Kila mtu ana mbili, kila moja kama ngumi. Kila figo ina vichujio milioni moja hivi, vidogo huwezi kuviona kwa macho. Kwa siku moja zinachuja lita 180. Ndoo za lita 20 ni ndoo tisa! Halafu zinarudisha karibu yote damuni, zinakuachia lita moja na nusu, mbili, za kwenda nazo msalani. Kazi hiyo yote inategemea presha iwe ya wastani. Presha ikipanda, vichujio vinapigwa kama nyavu iliyotupwa kwenye mwamba, vinachanika kimoja kimoja. Havishonwi.

Na nikotini inafanya nini? Inabana mishipa na kuipandisha presha kila unapobwia. Magadi yanaongeza sodiamu juu yake. Mtu anabwia mara 10 kwa siku, kwa miaka 20. Simsingizii ugoro kila figo iliyokufa, kisukari na presha ya kurithi vina sehemu kubwa. Lakini mtu mwenye presha anayebwia anamwagia mafuta ya taa kwenye jiko alilotumwa kulizima.

Kuna na madini yanayoitwa kadimiamu. Mtumbaku ni mmea hodari wa kuyanyonya kutoka ardhini na kuyaweka kwenye majani. Yakiingia mwilini, ini linayafunga ndani ya protini, ni ukarimu wake, halafu baadaye mzigo unahamia kwenye figo. Figo zikiyapokea haziyaachi. Nusu ya kadimiamu iliyoingia kwenye figo yako mwaka huu inaweza kukaa miaka 10 hadi 30. Mvuta sigara anaingiza nyingi zaidi kwa sababu mapafu hayana breki, tumbo linachuja. Ila dada zangu sikilizeni: mwanamke mwenye upungufu wa madini ya chuma, yaani wale mnaoambiwa kliniki "damu yako ndogo", tumbo lake linafyonza kadimiamu zaidi kuliko la mwenzake. Mwili unatafuta chuma kwa njaa, unabeba na kisichotakiwa.

Na chokaa. Madaktari wa Taiwan wameandika kuhusu wala popoo walioletwa hospitali wamechanganyikiwa, figo zimelemewa, kwa sababu chokaa waliyoimeza kila siku imejaza kalsiamu kwenye damu. Si jambo la kila mtu. Ni la mtu anayekula tambuu tangu swala ya alfajiri hadi isha.

(Hapa mzee mmoja aliomba nafasi, nikampa. Alisema: "Binti, babu yangu mie amebwia tangu ujana hadi miaka tisini. Kafa na meno yake." Watu wakapiga makofi.)

Allah amrehemu, mzee wangu. Na bibi yangu aliyekuwa na kile kijaluba alifika 80 na ushei. Mwishoni miguu ilivimba, uso ukavimba asubuhi, akawa hataki chakula, akisema mdomo una ladha ya shaba. Tukasema ni uzee. Hakuna aliyempima mkojo, na mie nilikuwa nimeshaajiriwa maabara. Hilo naliwaza hadi leo.

Mzee wangu, nikuulize kwa heshima. Babu yako walikuwa wangapi kwa baba yao?

("Walikuwa sita.")

Wote walibwia?

("Wanaume wote.")

Hao wengine uliwaona?

(Mzee alinyamaza kidogo. "Wengine sikuwawahi.")

Tuendelee.

Tatizo la figo ni ukimya. Kipimo cha damu tunachokitumia sana, kreatinini, kinaweza kubaki sawa hadi nusu ya kazi ya figo imekwisha. Haziumi. Mgongo ukikuuma mara nyingi ni nyavu ulizovuta, si figo. Na hapo mvuvi anaingia duka la dawa anaomba diklofenaki, anameza kwa siku kumi mfululizo, yuko juani, maji hanywi kwa sababu kwenye ngarawa kwenda haja ni tabu. Ugoro mdomoni, dawa ya maumivu tumboni, mwili umekauka. Nikipata damu ya mtu wa namna hiyo huwa najua kabla ya mashine kusoma.

Dalili ya mapema unaweza kuiona mwenyewe. Povu. Si povu la kasi ya mkojo, hilo linaondoka. Ni povu kama la sabuni ya unga, unarudi baada ya dakika tatu bado lipo. Ukiliona siku tatu mfululizo, njoo.

Ukichelewa, njia ni mashine ya kusafisha damu: mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Ninyi ni watu wa bahari, bamvua haimsubiri mtu aliyelala na mirija mkononi. Kupandikiza figo sasa kunafanyika hapa nchini, Muhimbili walifanya wa kwanza Novemba 2017, lakini lazima apatikane ndugu wa kutoa na fedha za kutosha.

Akina mama, neno moja nanyi. Nawajua mnaobwia mkiwa msalani ili wakwe wasione, na wengine mlianza mkiwa na mimba kwa sababu mlisikia unaondoa kichefuchefu. Nikotini inavuka kondo la nyuma. Mtoto anabwia na wewe. Watoto wa mama wanaotumia tumbaku isiyo na moshi wamekutwa wakizaliwa na uzito mdogo, wakizaliwa kabla ya siku zao, na wengine kuzaliwa wamekufa. Na kile kifundo usikiache mkekani. Mtoto wa mwaka mmoja kila kitu ni chakula kwake, na nikotini ya kifundo kimoja kwake si mchezo.

Sheria ipo tangu 2003 na inakataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, na tumbaku ni pamoja na ya kutafuna na ya kunusa. Lakini mtoto anayetumwa dukani "niletee ugoro wa chenji" nyote mmemwona. Wengine mmemtuma.

Sasa kuacha. Mtu ananiambia, "Dada, siwezi, nikikosa saa mbili kichwa kinapasuka." Nami namwuliza: Ramadhani unafanyaje? Kimya. Saa 13 na zaidi kila siku, mwezi mzima, mdomo mkavu, juani, na unaweza. Kisha ikipigwa adhana ya magharibi, wengine ugoro unatangulia tende. Nimeona kwa macho yangu. Maana yake mwili unaweza, na sehemu ngumu ya siku umeshaijaribu mara 30 kila mwaka.

Siku tatu za kwanza ndizo mbaya. Utakuwa na hasira, usingizi utakatika, tumbo litafunga. Mwambie mkeo au mumeo mapema, wasidhani umepata mwingine. Baada ya wiki mbili, tatu, mawimbi yanapungua. Mdomo ukidai kitu, weka karafuu, weka iliki, tafuna tangawizi. Usihamie sigara, wala mirungi, wala vile vipakiti vya kutafuna vinavyotoka India, huko ni kutoka chumba cha mbele kwenda cha nyuma, nyumba ni ile ile. Na mwenye presha, unapoacha endelea na dawa zako hadi daktari aseme vingine. Ini ni kiungo chenye subira, lina uwezo wa kujijenga upya likipunguziwa mzigo. Figo hazina uwezo huo, zilizobaki ndizo za kulinda.

Kwa wale ambao hawataacha leo, na najua mpo, nawaomba kitu kimoja. Ukienda kupimwa popote, ukiulizwa "unavuta?", usiishie kwenye "hapana". Sema: sivuti, nabwia. Au: sivuti, nala tambuu, mara kadhaa kwa siku. Daktari akishajua hilo atasoma presha yako kwa jicho jingine, atakuagizia kipimo cha mkojo ambacho asingekifikiria, atachagua dawa ya maumivu kwa tahadhari. Yule bwana wangu wa plasi tatu alikuwa ametembelea vituo viwili kabla ya kunifikia. Kote aliulizwa anavuta. Kote alisema kweli.

Hizi fomu nilizokuja nazo ni zile zile zilizochapwa. Usiku nimekaa na kalamu, nikalifuta lile swali kwenye kila moja, nikaandika kwa mkono: "Unatumia tumbaku kwa njia gani, na mara ngapi kwa siku?" Mwandiko wangu mbaya, mtanivumilia.

Vikopo ni 36 tu, sikutegemea mngekuwa wengi hivi. Mkojo wa kwanza uache uende, kinga wa katikati, robo kikopo inatosha. Msalani wanawake ni kule nyuma ya ofisi ya mnada, wanaume mnapajua. Presha atapima nesi pale kwenye benchi, na ukae dakika tano kwanza, usifike unahema. Wanaotoka na ngarawa mchana huu ndio waanze, mama zangu mtanisamehe. Na aliye nao mdomoni sasa hivi asiuteme hapa kwenye mkeka wa watu. Ndoo ile pale.